Mmeru Aliyemtangulia Nyerere New York

Muulize kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne akutajie sababu za kukua kwa harakati za uhuru Tanganyika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Atakuhesabia kwa vidole: askari waliorudi kutoka Burma, uhuru wa India, vyama vya ushirika, Umoja wa Mataifa... na mahali fulani hapo katikati, kama hajasahau, atasema "mgogoro wa ardhi wa Wameru". Sasa mwambie aendelee na hiyo ya Wameru. Kimya. Labda atasema walinyang'anywa ardhi, wakaenda kushtaki UNO, wakashindwa. Basi. Pepa imeisha, maksi yake kachukua.

Jamani, hapa ndipo huwa nashika kichwa. Sisi tunaoishi chini ya mlima huu tuna kisa kimoja kinachoweza kumfundisha mtoto, kwa mifano ya watu wa kwao, nini cha kufanya pale mwenye nguvu anapomwonea asiye na nguvu. Tumekichukua kisa hicho tukakigeuza kuwa nukta ya nne katika orodha ya kukariri. Kisha tunashangaa watoto wetu wakionewa shuleni wanajua njia mbili tu, kuvumilia au kurusha ngumi.

Naomba nikieleze kwa kirefu kidogo, halafu nitasema kwa nini kinahusu mabweni ya shule zetu.

Ukitoka Arusha mjini chukua kifodi (vijana wa siku hizi wanasema Noah) mpaka Usa River, halafu panda gari la kwenda juu. Barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, unaona twiga bila kulipa kiingilio cha mtalii, kisha inakumwaga upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru. Hapo ni Ngarenanyuki. Ukifika msimu wa nyanya utakuta matenga barabarani na mifereji ya maji kila upande. Karibu na hapo kuna Momella, na kila mwongoza watalii atakwambia kuwa Momella ndipo John Wayne alipokuja kuigiza filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Sijawahi kusikia hata mmoja akimwambia mgeni kwamba miaka kumi kabla ya filamu hiyo, mtu wa mlima huu alikuwa amesimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuishtaki serikali ya Mwingereza kwa ajili ya ardhi hii hii. John Wayne ana bahati, kwa kweli.

Turudi nyuma. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Wajerumani wakajibu kwa kisasi kikubwa, wakachoma na kupora. Mwaka 1900 kule Moshi walimnyonga Mangi Meli wa Wachagga pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na wa Arusha. Baada ya hapo mlima ukawa mikononi mwao. Wakaanza kuugawa. Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza walipewa mashamba, na walowezi wa Kijerumani wakapewa mengine, mpaka ukanda wa mashamba ya wazungu ukawazunguka Wameru na Waarusha kiunoni mwa mlima. Juu msitu wa serikali, chini mashamba ya walowezi. Watu wakizaa, ng'ombe wakizaa, wanakwenda wapi?

Waingereza waliporithi nchi hii kutoka kwa Mjerumani baada ya Vita vya Kwanza, waliirithi na shida hiyo. Baada ya Vita vya Pili wakaunda tume ya mtu mmoja, Jaji Mark Wilson, aichunguze ardhi ya Arusha na Moshi. Ripoti yake ilitoka mwaka 1947. Kwa haki ni lazima tuseme kuwa Wilson aliuona msongamano wa watu milimani, na alipendekeza warudishiwe baadhi ya maeneo. Lakini alipendekeza pia jambo jingine: eneo lililo kati ya Meru na Kilimanjaro, upande wa Sanya, liwe la wazungu watupu, wafuge ng'ombe wa nyama na maziwa. Na ndani ya eneo hilo walikuwamo Wameru wa Engare Nanyuki. Kwa hiyo ramani ikanyooshwa kwa rula, na watu wakajikuta upande usio wao wa mstari.

Serikali iliwaambia wahamie Kingori, watalipwa fidia. Wameru wakaenda kuiangalia Kingori, wakarudi wakasema hapana. Walisema kule ni chini, ni kukavu, mifugo itakufa kwa magonjwa. Na hata kungekuwa kuzuri vipi, hapa ndipo kwao.

Novemba 1951 polisi waliingia. Nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, watu kama 3,000 wakaondolewa, wakubwa kwa watoto, ili kupisha familia chache za walowezi. Gavana wa wakati huo alikuwa Edward Twining.

Sasa ndugu msomaji, weka picha hiyo kichwani. Nyumba yako inaungua. Mbele yako kuna polisi wenye bunduki. Nyuma yako kuna kumbukumbu ya babu zako walionyongwa miaka hamsini iliyopita. Unafanya nini?

Walichofanya Wameru kabla ya moto, wakati wa moto na baada ya moto ndicho kinachonivutia mimi kuliko safari ya New York yenyewe. Walikataa fidia. Hili linaonekana dogo lakini ndilo lililobeba kesi nzima, kwa sababu mtu aliyepokea hela ya mwenzake hawezi tena kusema hakuuza. Walikataa Kingori. Hawakushika mikuki. Walikuwa tayari na chama chao, Meru Citizens' Union, na chama hicho hakikuzaliwa siku ya moto. Kilitokana na ugomvi wa miaka ya nyuma juu ya utawala wa Mangi Sante, kwa hiyo watu walikuwa wameshazoea kukaa kikao, kubishana, kuchagua mtu wa kuwasemea na kumdai mahesabu. Walichanga fedha, senti kwa senti, katika mlima ambao fedha yake ilitoka kwenye kahawa. Walitafuta mwanasheria, wakampata Moshi: Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa amefungua ofisi yake pale. (Seaton huyu baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Shelisheli. Mtu wa visiwa vya Atlantiki, akatetea wakulima wa kahawa wa Meru, akamalizia visiwa vya Bahari ya Hindi. Hadithi yake inahitaji siku yake.)

Na wakajifunza kanuni za mchezo. Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa nchi ya udhamini, maana yake Mwingereza alikuwa anaitawala kwa dhamana ya Umoja wa Mataifa, na mkataba ulimruhusu mwananchi kupeleka malalamiko moja kwa moja kwenye Baraza la Udhamini. Baraza hilo lilikuwa likituma ujumbe wa ukaguzi nchini kila baada ya miaka 3. Mwanya ulikuwapo tayari kwenye karatasi, na waliouona ni wakulima wa mlimani na wakili wao.

Julai 1952 Kirilo Japhet, kijana wa miaka kama thelathini, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini New York. Ndiye Mtanganyika wa kwanza kufika pale kama mlalamikaji. Mwalimu Nyerere alikwenda Machi 1955, miaka miwili na nusu baadaye, na chama chake cha TANU kilikuwa bado hakijazaliwa siku Kirilo anazungumza.

Matokeo? Baraza lilisikitika. Hilo ndilo neno. Lilisikitikia namna watu walivyohamishwa, lakini halikuamuru warudishwe. Kirilo hakurudi nyumbani. Suala likapelekwa kwenye Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, na huko azimio la kuwatetea Wameru likapita kwa kura nyingi. Desemba 1952 likafika Baraza Kuu lenyewe, ambako lilihitaji theluthi mbili. Waliounga mkono walikuwa wengi kuliko waliopinga, lakini theluthi mbili haikufika. Likaanguka.

Mwezi Machi mwaka huu mwalimu mmoja wa historia aliniita shuleni kwake, sekondari ya bweni kwenye miteremko ya Meru (jina naliacha), nizungumze na kidato cha tatu juu ya uandishi wa habari. Mimi nikaenda na Kirilo. Niliwasimulia mpaka pale nyumba zinapoungua, nikanyamaza. Nikawauliza, haya, ninyi ndio wazee wa Ngarenanyuki, mnafanyaje?

Mmoja akasema tupigane. Wa pili akasema tukipigana tutakufa, bora kwenda kanisani kuomba. Wa tatu tumwite mbunge. Wa nne, na hapa darasa likacheka, akasema turekodi tuposti. Msichana mmoja wa nyuma akasema tuhame tu, kwani serikali huishindi. Hakuna aliyecheka hapo.

Nilipomaliza kuwasimulia yaliyobaki, wakaniuliza swali ambalo nilijua litakuja: kwa hiyo Kirilo alishinda au alishindwa?

Desa linasema alishindwa. Mimi niliwaeleza yafuatayo. Azimio liliposhindwa, Mwingereza alikuwa ameaibika mbele ya dunia nzima, na hakutaka aibu ya pili. Mpango wa kuwahamisha Waafrika kwa nguvu ili kuweka eneo la wazungu watupu ukawa jambo ambalo kila afisa alilifikiria mara mbili. Kirilo aliporudi alizunguka nchini kueleza habari za Meru, na watu wa mikoa mingine ambao hawakuwahi kuuona Mlima Meru wakaelewa kuwa kumbe Mwingereza anaweza kuitwa kujieleza. Wale walowezi wa Engare Nanyuki hawakufika mbali na ng'ombe wao. Wameru wakarudi. Nyanya unazonunua soko la Kilombero kesho asubuhi huenda zimetoka shamba ambalo mwaka 1951 lilikuwa majivu. Sasa ninyi niambieni alishinda au alishindwa. Walibishana mpaka kengele ikalia, na mimi sikuwapa jibu.

Kuna kijana alinisubiri nje. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, sasa kwa njuka inakuwaje?"

Kwa wasomaji ambao hawakusoma bweni: njuka ni mwanafunzi mgeni. Njuka anachota maji ya kuoga ya mkubwa, anafua soksi za mkubwa, anaamshwa usiku kuimba, anapewa jina la kabila lake badala ya jina lake. Akisema kwa mwalimu wa zamu, anaambiwa asiwe mbea. Akikaa kimya, mwakani yeye ndiye mkubwa na kuna njuka mpya wa kumfulia. Na ukiwauliza watu wazima, wanasheria na madaktari waliopitia hayo, wanacheka na kusema yalituimarisha. Mimi huwa nauliza: yalikuimarisha kufanya nini? Kuna ofisi ngapi mjini humu ambako bosi ni mkubwa wa bweni aliyezeeka na walio chini yake ni njuka wenye vitambulisho?

Niseme pia habari ya hayo majina ya makabila, kwa sababu Arusha hatuna haki ya kujifanya hatujui. Mwaka 1934 ilifunguliwa hapa mjini Arusha School, shule ya watoto wa wazungu. Wahindi walikuwa na zao, Waafrika na zao, na pesa za serikali ziligawanywa kwa kufuata rangi. Mtoto alijua thamani yake kwa kuangalia geti asiloruhusiwa kuingia. Mfumo huo ulifutwa kisheria baada ya uhuru, shule zikaanza kuchukua watoto wa rangi zote mwaka 1962. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Lakini haikupita miaka mingi, mwaka 1968, mkoa huu huu wa Arusha, serikali yetu wenyewe ikawageukia Wamasai na ile kampeni ya kuwavalisha suruali. Lubega marufuku, udongo mwekundu marufuku, na mtu akakataliwa kupanda basi kwa sababu ya vazi la baba yake. Wakubwa walisema ni kwa maendeleo yao. Mwaka mmoja tu nyuma yake lilikuwa limetangazwa hapa hapa Azimio la Arusha, lenye imani kwamba binadamu wote ni sawa! Hili la suruali silioni kwenye desa lolote. Na mtoto wa Kimasai anayekuja bwenini leo kutoka Longido au Monduli bado anakutana na utani ule ule, "toa fimbo, vaa suruali", kutoka kwa mtu ambaye hajui kwamba anarudia amri ya mkuu wa mkoa wa zamani.

Utani ni utani, mtasema. Sawa. Ila kuanzia katikati ya miaka ya 1990 mpaka mwisho wa 2015 mji huu ulikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, pale AICC, na tarehe 3 Desemba 2003 mahakama hiyo ilitoa hukumu ambayo kila mwandishi wa habari anapaswa kuijua. Washitakiwa watatu, Nahimana, Barayagwiza na Ngeze, walikuwa watu wa redio na gazeti. Redio yao ya RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende. Rufaa iliyoamuliwa mwaka 2007 ilipunguza baadhi ya makosa na vifungo, lakini watu wa habari walibaki na hatia. Ushahidi na maandishi mengi juu ya Rwanda yanaeleza pia kilichokuwa kikifanyika madarasani miaka mingi kabla ya 1994: mwalimu anasema Wahutu simameni, kaeni, Watutsi simameni. Mtoto wa miaka saba anasimama peke yake, wenzake wanamwangalia. Sisemi kwamba anayemwita mwenzake Mmang'ati bwenini anaanzisha mauaji. Nasema kwamba tulikaa na mahakama ile miaka yote hiyo, tukawapangishia majaji nyumba Njiro na kuwauzia vinyago, na sijui shule ngapi za mji huu ziliwapeleka wanafunzi wakakae kwenye ile kumbi nyuma ya kioo wasikilize mashahidi.

Basi nikamjibu yule kijana. Nilimwambia Kirilo hakuanza na New York. Alianza kwa kujua ni nani hasa ameondolewa na lini, kwa sababu huwezi kwenda mbele ya baraza ukasema "tunaonewa" halafu ukaulizwa nani, wapi, siku gani, ukajikuna. Kwa hiyo anza na daftari. Tarehe, saa, nani alifanya nini, nani aliona. Usiongeze chumvi, maana siku wakigundua uongo mmoja watatupa ukweli wote. Halafu usiwe peke yako. Mtu mmoja akilalamika ni mkorofi, watu thelathini wakilalamika ni tatizo la shule. Halafu soma kanuni. Akanitazama, "Kanuni gani?"

Ndiyo, kanuni. Hata fimbo za mwalimu zina kanuni ya serikali: tangu mwaka 1979 ipo, na imerekebishwa tangu wakati huo, inayosema mkuu wa shule ndiye mwenye mamlaka, au mwalimu aliyemkasimia kwa maandishi, idadi isizidi viboko vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mimi binafsi ningeifuta fimbo yote kesho. Lakini hata hiyo iliyopo, ni wanafunzi wangapi wamewahi kuambiwa kuwa kitabu hicho kinatakiwa kuwapo? Na kiranja wa kidato cha nne, kanuni hiyo haimtaji kabisa. Fimbo yake haina kanuni yoyote.

Mnakumbuka ya Mbeya Day, mwaka 2016. Walimu waliokuwa kwenye mafunzo ya vitendo walimpiga mwanafunzi ngumi na mateke ofisini, na taifa zima likaona kwa sababu kuna mtu alirekodi kwa simu. Mawaziri walitoa matamko siku hiyo hiyo. Bila ile video yule kijana angekuwa mtovu wa nidhamu tu, na walimu wangekuwa wameshahitimu. Na bado shule zetu haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu! Sitetei simu madarasani, nawajua wanangu hawa, wangeangalia mpira. Nasema tu ushahidi lazima upatikane kwa njia moja au nyingine, na kama si simu basi ni kalamu.

Kuna mwalimu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia baada ya kipindi kile kuwa nawafundisha watoto uchochezi. Nilimwambia mwalimu, uchochezi ni nyumba ya mtu kuchomwa kisha akakosa pa kusemea. Hakukubali. Alisema kuwa watoto wakizoea kuandika malalamiko, kesho wataandika juu ya uji, keshokutwa juu ya yeye. Nafikiri hapo alisema ukweli wa moyoni kuliko alivyokusudia, na hofu yake si ya ajabu. Mwalimu wetu mwenyewe ni njuka wa mtu fulani. Madarasa yana watoto themanini, nyumba inavuja, afisa elimu anamfokea mbele ya wanafunzi, na hakuna aliyemfundisha yeye pa kupeleka daftari lake. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje asikilize malalamiko ya mtoto?

Na hata sisi wakubwa milango yetu ni mingapi? Kirilo alisafiri mpaka upande wa pili wa dunia kutafuta mahali pa kusikilizwa. Leo mahali hapo pamejengwa Arusha: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ina makao yake mjini humu, unaweza kuifikia kwa bodaboda. Lakini Novemba 2019 serikali ya Tanzania iliondoa lile tamko lililomruhusu mwananchi na asasi kufungua kesi pale moja kwa moja, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa rasmi kwa kesi mpya. Kwa hiyo Mmeru wa 1952, chini ya mkoloni, alikuwa na mlango wa kimataifa wa kugonga. Wewe unayeishi Sakina unapita mbele ya mahakama ya bara zima ukielekea kazini, na huwezi kugonga. Walio wengi katika darasa lile hawakuwa wanajua hata kuwa mahakama hiyo ipo.

Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, lililokuja na mitaala ya 2023, linafundishwa kwa Kiswahili, na kwa hilo nawapongeza waliohusika kwa mikono miwili. Kirilo akifundishwa kwa Kiswahili mtoto atabishana, hatakariri. Natumaini tu hiyo "Maadili" iliyobandikwa mwishoni haitakuwa na maana ya kutii tu. Kisa cha Meru kinaweza kufundishwa wiki nzima bila gharama yoyote. Wagawe wanafunzi: hawa Wameru, hawa serikali ya Twining, hawa walowezi, hawa nchi za Baraza Kuu zinazopiga kura. Wape ripoti ya Wilson iliyofupishwa. Waache wachache wawe majirani ambao hawakuhamishwa, wale wanaotazama nyumba za wenzao zikiungua na kuamua wachange au wasichange, maana nadhani hao ndio wengi wetu. Kipo kitabu alichoandika Kirilo mwenyewe na Seaton juu ya kesi hii, kilichotoka mwaka 1967, na kipo cha Mmarekani Anton Nelson aliyefanya kazi na ushirika wa kahawa wa Wameru, cha mwaka huo huo. Vyote viwili ni vya Kiingereza na vyote viwili ni adimu kama nauli ya kurudi. Nani atavitafsiri?

Wiki tatu baada ya kipindi kile yule mwalimu wa historia alinipigia simu, nusu anacheka nusu ana wasiwasi. Kidato cha tatu wameandika barua kwa mkuu wa shule juu ya njuka kuchoteshwa maji usiku. Ina tarehe kumi na nne, saa, na majina ya mabweni. Majina ya viranja hawakuyaweka. Walibishana juu ya nani asaini wa kwanza, kwa kuwa wa kwanza ndiye atakayeitwa ofisini, mpaka yule msichana wa nyuma, aliyesema serikali huishindi, akachukua sahani ya plastiki ya bwaloni, akaifunika kwenye karatasi, akaizungushia kalamu. Wakasaini kwenye duara. Saini arobaini na moja.

Ninapoandika haya barua ina siku kumi na moja mezani kwa mkuu. Hajawaita. Mwalimu anasema maji ya usiku yamesimama, kwa sasa.